Risala ya kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku wa nyama kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Mtendaji wa Kata, Afisa Mifugo, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe binafsi kwa kuacha majukumu mazito ukaja kwetu, tena kwa barabara hii ambayo umejionea mwenyewe.

Kikundi kilianza na wanachama 8 na vifaranga 100. Historia ni ndefu, hatutakuchosha nayo. Leo tuko 22.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio ni makubwa mno. Tuna mzani wetu wenyewe, tuna akaunti benki, na kuku wetu wamevuka mipaka ya mkoa: wanaliwa Mbagala, Dar es Salaam. Zaidi ya yote, tunalisha kwa mitishamba. Unga wa majani ya mlonge, kitunguu saumu, tangawizi na manjano tunachanganya kwenye chakula ili kuku wale vizuri na matumbo yatulie, tusikimbilie antibayotiki kila kifaranga anapozubaa. Kuku wa nyama anauzwa akiwa na wiki 5 au 6. Ukimpa dawa siku za mwisho, mabaki yanaishia kwenye sahani ya mlaji. Ulaya walishapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 2006. Chanjo za mdondo na gumboro hatujaziacha, Afisa Mifugo ni shahidi. Mlonge hauchanji.

Changamoto tunazo nyingi, ila leo tutasema moja.

Mashine ya kusaga uliyoiona nyuma ya banda, ile iliyofunikwa turubai, tulikabidhiwa na mgeni rasmi aliyekutangulia, kwa ngoma na picha nyingi. Tunamshukuru sana. Mashine hiyo inataka umeme wa njia tatu, na uliofika hapa ni wa njia moja. Tukaambiwa nguzo ziko njiani. Akaja mgeni mwingine, akasema miezi mitatu, tukampigia makofi. Miezi hiyo mitatu bado tunaihesabu. Nakala za barua zote zimo kwenye bahasha utakayokabidhiwa pamoja na zawadi ya kuku.

Kwa sasa tunatwanga kwa kinu. Mheshimiwa, jani la mlonge hukaushwa kivulini, kisha lazima lisagwe liwe laini. Kinu kinaacha vijiti, na kuku si mjinga: anadonoa mahindi, vijiti anavisukuma pembeni mwa chombo. Mmoja anakula mlonge kupita kiasi, mwenzake haonji kabisa, na mlonge ukizidi, kuku hapandi uzito. Masika ndiyo balaa. Majani yanayosubiri zamu ya kinu yanashika ukungu, na kuku hatuwezi kuwalisha ukungu. Masika yaliyopita tulimwaga magunia.

Tunaomba umeme wa njia tatu. Laini kubwa iko barabara ya Kilwa, si mbali. Kama hilo ni zito, tunaomba injini ya dizeli ifungwe kwenye mashine ile ile. Fundi ameshaikagua na makadirio yake tumeambatisha. Pia tunaomba kwa heshima kubwa, utakaposimama kujibu, utaje tarehe. Katibu wetu ana kalamu mkononi, na mwenyekiti wa kijiji ataweka sahihi kama shahidi.

Karibu sana Mheshimiwa. Kuku wa chakula cha mchana ni wa hapa hapa.

Tunaomba kuwasilisha.