Hackintosh ikigoma kuwaka, anza na EFI

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wanaojijengea Hackintosh (kompyuta isiyo ya Apple inayoendeshwa na macOS), maana naona watu wanakimbilia kufomati diski wakati shida iko kwenye butiloda tu, yaani programu inayouwasha mfumo. Yangu ilikuwa inaleta menyu ya OpenCore (ndo butiloda yenyewe) vizuri, nikichagua macOS inaganda kwenye nembo ya tufaha, siku tatu nahangaika nayo. Nikaweka -v kwenye boot-args (maagizo anayopewa macOS wakati wa kuwaka) ndo nikaanza kuona maandishi yanashuka na mahali yanapokwama. Kumbe nilisasisha OpenCore nikaacha config.plist (faili ya mipangilio yake) ya zamani, na hivyo viwili lazima viendane toleo kwa toleo, ukiipitisha config kwenye ocvalidate (kikaguzi cha OpenCore) inakuonyesha kasoro iko wapi. Jamani msichukue EFI ya mtu (folda yenye OpenCore na config yake) mkaibandika hivyo hivyo, mazabodi yake siyo yako! Kama hata menyu haitokei, angalia folda ya EFI iko kwenye patisheni ya FAT32 na Secure Boot (ulinzi unaozuia butiloda isiyotambulika) umeizima kwenye BIOS. Mimi siku hizi mabadiliko yoyote najaribu kwanza kwenye flashi, ikiwaka ndo nahamishia kwenye diski.

Msomaji wenu