Risala ya Klabu ya Ufundi kwa Mgeni Rasmi: Baiskeli ya Gurudumu Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo hapa Newala, na tunakushukuru wewe uliyeacha shughuli zako katikati ya msimu wa korosho ukaja kutusikiliza. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chombo kile kilichoegemezwa kwenye mwembe na kufunikwa kanga ni baiskeli ya gurudumu moja. Tumeiunda sisi wanachama 11 wa klabu ya ufundi kwa vyuma vilivyokwishatupwa. Uma wake umetoka kwenye baiskeli ya babu wa mwenzetu, ambayo enzi zake ilipandisha madumu ya maji kutoka mabondeni hadi huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Gurudumu ni la baiskeli ya mtoto, inchi 20. Breki tuliikuta ndani ya gunia la misumari iliyopinda.

Zile zinazoonekana kwenye sarakasi, pedeli zake zimeshikana na gurudumu moja kwa moja: mguu ukisimama, gurudumu nalo linasimama. Hata baiskeli za gurudumu kubwa mbele zilizotamba Uingereza miaka ya 1870 zilikuwa hivyo. Ya kwetu inavutwa kwa cheni na ina friwili, yaani kile kigurudumu cha meno kinachoacha gurudumu lizunguke hata miguu ikisimama. Tuseme ukweli, tulianza hivyo kwa kukosa vipuri, maana gurudumu la nyuma utakalolipata kwa mafundi wetu limekuja na friwili yake. Baadaye tukaipenda, kwa sababu kwenye mteremko unatuliza miguu na gurudumu linaendelea lenyewe.

Kazi iliyotutesa ni giya ya juu, ile ya meno iliyo kwenye pedeli. Giya ya kawaida ya baiskeli kubwa ina meno 44, na friwili yetu ina meno 18. Kwa hesabu hiyo pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, yaani unasukumwa karibu mita nne kabla hujajiweka sawa. Tukatafuta friwili nyingine iliyokufa, nayo ya meno 18, tukaichomelea ndani isizunguke tena, kisha tukaichomelea kwenye mkono wa pedeli. Sasa mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu, kama mita moja na sentimita 60.

Mara ya kwanza ilikaa upande kidogo. Cheni ikawa inakaza hapa, inalegea pale, na ilipolegea ilichomoka. Tukaikata, tukachomelea tena, ikawa vilevile. Fundi mmoja wa baiskeli, mzee wetu wa hapa mtaani, ndiye aliyetufundisha: shika chaki karibu na meno bila kuitikisa, zungusha pedeli polepole, pale chaki itakapogusa ndipo palipotokeza. Gonga kidogo kwa nyundo, zungusha tena. Ikishakaa sawa, shikiza kwa nukta nne tu za moto kwanza, uipime, ndipo uzungushie. Tulitumia alasiri nzima na vipande vitatu vya chaki za Mwalimu wa Hisabati, ambaye tunamwomba radhi mbele yako.

Baada ya hapo tukadhani tumemaliza. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu akapanda, akaenda mita mbili, akaanguka chali kwenye mchanga. Akapanda tena, chali tena. Hakuna aliyeanguka kifudifudi, na hilo ndilo lililotufumbua macho. Mwili ukiegemea mbele, unakanyaga na gurudumu linakuwahi chini yako. Ukiegemea nyuma, inabidi gurudumu lipunguze mwendo ili mwili ulifikie. Mwenye pedeli zilizoshikana hufanya hivyo kwa kukaza miguu. Mwenye friwili akikaza miguu hapati kitu, gurudumu linaendelea na safari yake. Kwa hiyo breki tuliyokuwa tumeiacha kwenye gunia ndiyo iliyokuja kushika nafasi ya miguu. Ni breki ya mkanda, inabana habu, yaani kitovu cha gurudumu, na mpini wake tumeufunga chini ya ncha ya siti. Anayeendesha anabana na kuachia kidogo kidogo muda wote.

Tulifungua pia friwili tuone ndani. Kuna vyuma viwili vidogo vyenye springi nyembamba kama unywele, na meno 20 vinapokamatia. Maana yake mguu unaweza kukanyaga hewa hadi nyuzi 18 kabla haujashika. Kwa aliye juu ya gurudumu moja, hizo ni nyingi mno. Dawa tuliyoipata ni kutosimamisha miguu ila pale mtu anapotaka kuteleza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuna karakana. Tunafanyia kazi chini ya mwembe, na mwezi uliopita mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu alipita tukiwa darasani akabeba fremu mbili tulizozitenga. Tunaomba chumba chenye mlango wa kufunga, jiliwa moja ya kubania vyuma, kinyago cha kuchomelea (tumekuwa tukipokezana miwani moja ya jua, jambo la hatari kwa macho yetu) na kofia ngumu mbili. Wazazi nao tunawaomba, kabla hujauza baiskeli mbovu kwa kilo, pitisha shuleni tuichungulie.

Sasa kwa ruhusa yako, mwenzetu huyo wa Kidato cha Tatu ataondoka mwembeni hadi mlingoti wa bendera. Akifika kwenye mteremko mdogo pale karibu na ofisi, tunaomba tukae kimya, utasikia friwili ikilia tik-tik-tik na miguu yake imetulia.

Tunaomba kuwasilisha.