Risala ya kikundi cha dansi ya kisasa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Dansi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na mtaa,
Viongozi wetu wa dini, walimu, wazazi na walezi,
Shikamooni, na karibuni sana.

Tunamshukuru Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kukubali kukaa nasi chini ya turubai katika siku hizi za mvua. Tarehe 29 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Dansi, inayoadhimishwa tangu 1982, na kwetu Moshi hiyo ni masika kamili. Tulishauriwa tusogeze tamasha hadi Julai. Tumeng'ang'ania Aprili kwa sababu siku hii wachezaji wa nchi nyingi wapo jukwaani, nasi tunataka kuhesabiwa pamoja nao.

Tulipopita Majengo na Pasua kutangaza dansi, swali lilikuwa moja: inakuja bendi gani? Hakuna bendi. Dansi yetu ni mwili kusimulia jambo, mara nyingi pekupeku, kwa kulala na kubiringika chini, na pengine bila muziki wowote zaidi ya pumzi za wachezaji. Wazazi wengine walihofu mabinti zao watafundishwa kukata viuno. Tuliwaalika mazoezini wakajionee. Wengi wao wapo hapa leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Wapo wanaosema dansi hii ni ya Wazungu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuunda wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi wa kizazi chake walijua kucheza rumba na waltz, huku ngoma kama gombe sugu na lelemama hawazijui. Uchungu ule ndio tulioanza nao. Mwaka wa kwanza hatukugusa kitu kingine ila ngoma: sindimba ya Wamakonde, na bugobogobo ya Wasukuma, ambamo jembe lenyewe huinuka na kushuka kwa mdundo. Miili ilipokomaa ndipo tukaanza kutunga vya kwetu. Kule Senegal, Mama Germaine Acogny amejenga mbinu yake juu ya ngoma za Afrika Magharibi, na shule yake, École des Sables, ina ukumbi ambao sakafu yake ni mchanga. Neno hilo sakafu tutalirudia.

Utakachokiona leo tumekitoa kwenye mfongo, ule mfereji waliochimba wazee wetu kuteremsha maji ya mlimani hadi vihambani. Kabla ya kutunga tulipanda Kibosho, tukashinda na mzee mmoja siku ya zamu yake ya maji. Anaziba mfongo kwa udongo na magome ya mgomba: anapiga goti moja, anasukuma kwa kiganja, anasubiri, halafu anafungua kidogo kwa kisigino. Kile kisigino ndicho kilichozaa dansi nzima. Watoto wamejipanga mstari, kisigino cha kwanza kinafunguka, na mwendo unashuka mwili hadi mwili mpaka kwa wa mwisho. Katikati, wawili wanagombea zamu, mpaka mmoja anamletea mwenzake jani la isale. Wenyeji wa huku hamhitaji kuelezwa. Kwa wageni: hilo ni jani la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai.

Tangu juzi akina mama wamefundisha batiki uani, wachoraji wamepamba ukuta wa nyuma, na wazazi wamekaa nasi kwa mazungumzo mpaka giza. Ila darasa la ngoma kwa watoto viziwi ndilo tunaloomba kulisimulia.

Tulipiga ngoma kwa nguvu zetu zote juu ya saruji, watoto wakawa wanatutazama mikono tu. Saruji haikuwafikishia kitu. Fundi seremala jirani akatuazima vipande vitatu vya plaiwudi, tukaviinua juu ya vibao, ngoma tukaiweka hapo. Mtoto mmoja akavua kandambili, akapanda. Akasimama kimya. Kisha akalala kifudifudi, akabandika shavu kwenye ubao, akawa anaufuata mdundo kwa kidole, hakosi hata pigo moja. Mama yake alikuwa mlangoni na ndoo ya rangi ya batiki. Aliitua ndoo, akaja kulala kando yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Shida yetu ni hiyo sakafu. Ukiruka na kutua kwenye saruji, kishindo chote kinakurudia, kinapanda kifundoni, gotini, hadi kiunoni. Wenzetu wawili wameacha kucheza kwa ajili ya magoti, na mmoja ana miaka 19. Sakafu ya mbao iliyolazwa juu ya mihimili, chini ikiwa na nafasi ya hewa, hubonyea kidogo na kukipokea kishindo. Kumbi za kukodi zipo, lakini ni za sendofu, harusi na vipaimara, na hatuna ubavu wa kushindana na bajeti ya harusi. Mwaka jana tulitolewa ukumbini siku mbili kabla ya tamasha, hali tulishatanguliza malipo. Tukacheza nje, mvua ikaja, binti mmoja akateleza akateguka mkono. Alicheza mpaka mwisho. Hilo hatujivunii, tulipaswa kumtoa.

Mcheza kwao hutuzwa, nasi tunacheza kwetu. Tunaomba utusaidie kupata mahali pa kudumu, hata ghala lisilotumika; mji huu wa kahawa hauna uhaba wa maghala. Paa lisivuje tu. Mbao tumeshaanza kuchangishana, na yule fundi amekubali kuipiga sakafu bila kudai ujira. Spika tulitaka kuomba, tumeziacha.

Ombi la pili ni kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Tunaomba sanaa ya jukwaani itazamwe kama kazi. Mfugaji wa kuku akieleza marejesho anaeleweka. Mapato yetu huja kwa msimu, wageni wa mlimani wanapokuwa wengi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ratiba ya marejesho ikifuata msimu huo, tutalipa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zile plaiwudi tumezipanga mbele ya kiti chako. Watoto viziwi ndio watakaotoa pigo la kwanza. Kwa unyenyekevu tunakuomba uvue viatu, uweke nyayo zako kwenye ubao pamoja nao.

Ahsante kwa kutusikiliza.