Upande wa kushoto wa mtepe

Kuze, Mji wa Kale, Mombasa
Mwezi wa Agosti

Swahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na wajukuu wote hapo Muscat. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kusi imeanza kuchoka, na jioni upepo unaingia barazani kwa upole, naweza kufanya kazi bila nyuzi kupeperuka.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini Cutty Sark, ule mfano wa merikebu niliouunda, imefunikwa shuka tangu mwaka juzi, nami nikakujibu maneno mawili matatu tu. Lile si jambo la simu, ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Merikebu zile mbili ulizoziona kwangu, Victory na Cutty Sark, zilikuja ndani ya sanduku. Unafungua, unakuta mkuku, uti wa mgongo wa chombo, umeshakatwa, mataruma, yaani mbavu zake, yamepewa nambari, mizinga imehesabiwa, na ramani inakuonyesha kila fundo. Sizidharau. Ndizo zilizonifunza kulainisha ubao kwa mvuke wa birika, kufunga kamba za mlingoti zisilegee, kungoja gundi ikauke badala ya kuilazimisha. Lakini hizo ni merikebu ambazo zenyewe zipo. Victory iliyoshushwa majini mwaka 1765 iko Portsmouth hadi leo, na Cutty Sark ya mwaka 1869 iko Greenwich. Ukiwa na shaka juu ya kitu, kuna mtu aliyekwisha kwenda kukipima. Kazi yako ni kufuata.

Basi nilikwenda Lamu arusini, na asubuhi moja nikaingia makumbusho pale ufukweni. Mfano wa mtepe, chombo chetu cha kale kilichoshonwa kwa kamba, nimewahi kuuona mara nyingi, na wewe umeuona. Safari hii niliinama nikautazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuunda, na nikajikuta sina jibu la swali dogo: ule mshono unakazwaje? Mimi ninayeweza kukutajia kamba za Cutty Sark nikiwa nimefumba macho, sikujua ubao mmoja wa chombo cha kwetu unavyoshikamana na mwenzake. Niliporudi Mombasa niliifunika Cutty Sark, na hadi leo sijaifunua.

Unajua mtepe hakusalia hata mmoja. Ile mitepe ya Wabajuni, ya Faza na Siyu na Pate, iliyobeba boriti za mikoko, ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kilichobaki ni picha chache, mifano michache na maandishi ya watu waliowahi kuiona. Zanzibar waliujenga upya mmoja mkubwa, wakauita Mtepe Shungwaya, wakauweka ndani ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba iko siku nitakwenda na futi yangu niupime taratibu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile ikaporomoka. Niliumia kwa ajili ya watu na kwa ajili ya jumba, na niliumia pia kwa kuchelewa kwangu.

Na ushoni huu ni wa kale mno kwetu. Yule baharia wa Kigiriki aliyeandika Periplus, kitabu cha mwongozo wa safari za bahari, katika karne ya 1 anataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na anaeleza kwamba jina lenyewe limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1498, mmoja katika msafara wa Vasco da Gama alifika Msumbiji akaandika kwamba vyombo vya huko ni vikubwa, havina misumari, mbao zake zimeshikwa kwa kamba na matanga yake ni ya mikeka. Wageni wengine walitunga hadithi ya mlima wa sumaku unaong'oa misumari baharini, eti ndiyo sababu watu wakashona. Ukishaushika ubavu ulioshonwa mkononi huihitaji hadithi hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Basi nikaamua kuunda mfano wa mtepe wangu mwenyewe, nikachagua kipimo cha 1 kwa 20. Ubao wa sentimita 4 unakuwa wa milimita 2, na nahodha wa kimo cha kawaida anakuwa na urefu wa kama kidole cha shahada. Mvule niliukataa siku ya kwanza, kwa sababu vinyweleo vyake ni vikubwa, na kwa udogo ule ubao unaonekana kama umeliwa na mchwa. Jirani alikuwa amekata mdimu uani kwake, nikauomba. Mdimu una chembe ndogo, mgumu, unakatika safi, na ukiupasha mvuke unakubali kupinda.

Kosa langu la kwanza lilitokana na mazoea. Nilianza kama nilivyozoea kwenye sanduku: mkuku, kisha mataruma, kisha mbao juu yake. Mtepe haujengwi hivyo. Unalaza mkuku, unasimamisha fashini ya omo mbele na ya tezi nyuma, kisha unashona ubao wa kwanza kwenye mkuku, na wa pili kwenye wa kwanza, na kuendelea juu, hadi ganda lote limesimama lenyewe. Mataruma yanaingia baadaye, yakikatwa kwa kufuata umbo lililokwisha kupatikana. Kwa hiyo umbo halitoki kwenye mifupa, linatoka kwenye ukingo wa kila ubao, jinsi ulivyochongwa kukutana na ulio chini yake. Ukikosea ukingo wa ubao wa pili, wa sita utakuambia. Nilitupa mbao kumi na moja kabla sijauelewa mstari huo.

Halafu ikaja kamba. Kwanza nilitumia uzi wa dukani, nikauona ni laini mno na unang'aa kama wa kushonea kanzu. Ndipo nikakumbuka usumba, nyuzi za kumbi la nazi. Kamba halisi ilikuwa ya usumba uliosokotwa, na ukiigawa kwa 20 unapata karibu unene wa unyuzi mmoja wa kumbi, mmoja tu, haujasokotwa. Yaani mnazi wenyewe umeshatoa kamba ya kipimo changu! Niliagiza usumba kutoka kwa akina mama wanaofukia makumbi kwenye matope ya bahari, ule uliokwisha kuoza vizuri na kupondwa na kuoshwa. Nachagua unyuzi mmoja mmoja mbele ya dirisha, mrefu usio na kifundo, naulowesha usiku kucha, ndipo unaingia tunduni bila kukatika.

Matundu nayatoboa kwa kekee ndogo ya mkononi yenye biti ya milimita 0.7. Tundu moja kila milimita 5. Mshono wa sentimita 60 una matundu 120 ubao wa chini na 120 ubao wa juu, na kila tundu lazima litazamane na mwenzake, la sivyo mshono unakwenda upogo. Kati ya ubao na ubao kuna vigingi vidogo vya mti ili mbao zisiteleze. Kisha kwa ndani, juu ya mwungano, unalaza kitita kirefu cha usumba, na kamba inapita juu yake, inakibana. Hakuna tone la gundi. Nimekataa kabisa kutia gundi, kwani nikitia gundi sitajua kama mshono unashika au gundi ndiyo inayoshika.

Na hapo ndipo nilipoteza miezi mitatu. Nilishona upande wa kulia peke yangu, usiku baada ya usiku, navuta kamba kutoka nje, nageuza mtepe, navuta kutoka ndani, nageuza tena. Kila mshono ukiutazama peke yake ulikuwa mzuri. Nilipofika ubao wa tano nikauweka mezani nikaona omo inatazama ukutani na tezi inatazama mlangoni. Chombo kizima kilikuwa kimejisokota. Nilipokuwa nikigeuza, kamba ya ndani ililegea, nikaikaza kupita kiasi nilipoirudia. Ya nje nayo hivyo hivyo. Nilikata kila kamba kwa wembe. Sikulala vizuri usiku ule.

Picha zako za Sohar, chombo kile cha kushonwa kilichoko Muscat, ndizo zilizonisaidia. Nilizifungua tena, zile ulizompiga akiwa pale kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan Palace. Nikaanza kusoma habari zake: namna msafiri Tim Severin alivyomjenga mjini Sur, Oman, mwaka 1980 bila msumari, akasafiri naye hadi China, na namna mafundi wa kushona walivyoletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep, India. Walishona wawili wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Wa nje anaingiza kamba, wa ndani anaipokea na kuivuta, na wa nje anashikilia isilegee hadi ya pili ije. Kamba haipati nafasi ya kupumzika hata mara moja.

Nilisoma mstari huo nikaweka karatasi chini. Ramani zote nilizokuwa nazo zilinionyesha matundu na kamba. Hazikunionyesha kwamba kazi ile ina watu wawili. Mtepe wangu ulinionyesha, kwa kujisokota.

Basi nikamwita mjukuu wangu, ana miaka 11 na vidole vyake vinaingia mahali vyangu haviingii. Yeye ndani, mimi nje. Siku ya kwanza tulishona sentimita 4. Baada ya wiki tukawa hatusemi tena "vuta" wala "ngoja", tunasikia mvuto wa kamba tu. Upande wa kulia wote umekwisha kwa mikono yake na yangu, na umenyooka.

Siku tuliyoufunga ubao wa mwisho niliweka kiganja ubavuni nikaubonyeza. Ukabonyea, swahibu, kisha ukarudi. Victory ukiibonyeza hivyo itapasuka. Hapo nikaelewa vipi chombo kile kilikuwa kikiketi mchangani maji yakipwa, kikipakiwa boriti nzito, kikisubiri maji kujaa, na mbavu zake zisivunjike. Kinajilegeza, kinaukubali mchanga ulivyo. Bei yake ni kwamba kinavuja, na kamba zinaoza, na lazima kishonwe upya mara kwa mara. Watu wa Pate na Siyu walikubali bei hiyo kwa karne nyingi, na nadhani walijua walichokuwa wakikinunua.

Kuhusu tanga, nimepata bahati kubwa. Mtepe haukuwa na tanga la pembe tatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, la mkeka. Shangazi, ambaye macho yake bado ni makali kuliko yangu, amechana ukindu mchanga kwa sindano na kunisukia ukili wenye upana wa milimita 4. Tumeunga kili hizo kwa unyuzi uleule wa usumba, kama anavyoshona mkeka wa kuswalia. Kwa hiyo tanga nalo limeshonwa. Ukiliinua juani linapitisha vitone vidogo vya mwanga, na linanukia ukindu.

Omo bado. Ile shingo ndefu ambayo wazee husema ni mfano wa shingo ya ngamia wa Mtume, nimeichonga mara mbili na zote mbili hazina uhai. Sitaki kuiharakisha. Nitaianza tena moyo ukitulia.

Sasa naja kwenye haja yangu. Upande wa kushoto haujashonwa. Mbao zake zote zimechongwa na kutobolewa, nimezifunga kwa kanga ya zamani juu ya kabati. Mjukuu anarudi shule mwisho wa mwezi huu, na hata asingerudi, nimeona nikuombe wewe. Unakumbuka zile karara za mnazi tulizokuwa tukizishindanisha maji yakijaa, pale chini ya ngazi? Wewe ulikuwa ukitoboa kwa msumari wa moto, mimi nikifunga tanga la kitambaa cha leso. Hatukugombana hata siku moja juu ya nani afanye nini. Nataka upande ule wa kushoto uwe na mkono wako ndani yake. Watu wawili wakishona, mvuto wa kila mmoja unabaki kwenye kamba. Nimeuona upande wa kulia, naweza kuonyesha kwa kidole mahali mtoto alipochoka na mahali alipopumzika akarudi na nguvu.

Ulisema unakuja Desemba. Ukiweza kuja Novemba, matlai inapoanza, tutapata wiki mbili tatu za utulivu kabla nyumba haijajaa wageni. Na kabla hujaondoka, nifanyie jambo moja. Pita tena kwa Sohar mapema asubuhi, jua likiwa chini, ili mshono utoe kivuli. Piga picha kwa karibu, na kila picha uweke sarafu pembeni ili nijue ukubwa. Nataka umbali wa tundu hadi tundu, na umbali wa tundu hadi ukingo wa ubao. Pima mahali pengi, hasa ubao unapopinda kuelekea omo, kwani pale ndipo matundu yangu yananitia wasiwasi. Sohar si mtepe, najua, lakini mkono ulioshona unafanana.

Njoo na miwani yako ya karibu. Sindano, nyuzi na taa ninazo, na kiti chako nimeshakiweka upande wa ndani.

Nisalimie nyumbani kote. Shangazi anakuulizia kila nikimtajia Muscat, na anasema umletee ubani.

Wasalaam,
Mimi nduguyo wa siku zote