Nimeshinda Gerezani

Lamu, Jumapili jioni

Kwako swahiba wangu Athumani,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kwa ngazi. Ulinionya nikifika huku nisikuandikie habari za punda. Haya basi, leo nimeshinda gerezani.

Usishtuke. Ni ile ngome ya Mkunguni, katikati ya mji. Nimeipita siku tatu nikidhani ni jengo la makumbusho tu, kumbe wafungwa walilala humo tangu 1910 hadi 1984. Waingereza ndio walioigeuza jela. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, mlango ukaendelea kufungwa kwa nje miaka ishirini na zaidi. Hilo limenikera kuliko la mkoloni, maana yeye tulimjua.

Ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1810, enzi za Vita vya Shela. Waamu, wenyeji wa hapa Lamu, waliwatwanga watu wa Pate na Mombasa, kisha wakahofia kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Omani awalinde. Ikakamilika 1821, wakaletwa askari Mabulushi, watu wa asili ya Baluchistan.

Na neno lenyewe, unajua lilikotoka? Kwa Wareno, igreja ni kanisa. Sisi tukatamka gereza, tukaiita hivyo ngome, mwishowe jela. Kwa hiyo jengo hili lilikuwa gereza kabla halijawa gereza! Miaka yote ile darasani hakuna aliyetudokezea.

Nimeingiza mkono kwenye tundu moja la ukutani: umezama hadi kwapani, vidole havijaona jua. Mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, nikajionea haya kuufurahia, maana wapo waliouona ubaridi huo huo kwa miaka.

Sasa liko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Kuna maonyesho, uani hufanyika shughuli za mji, na kuna maktaba. Humo nilimkuta mvulana amelaza shavu mezani, kidole kinafuata mistari ya kitabu. Nikaanza kumweleza kwa sauti kwamba hapa palikuwa jela. Hakuinua hata kichwa.

"Babu yangu alikuwa askari jela hapa," akaninong'oneza. "Lakini mama, humu hatupigi kelele."

Nikakaa kimya mpaka adhana ya alasiri. Nikirudi nitakueleza mengine.

Wako,
Zuhura