Malalamiko: nimelipia araukaria 10, nimeletewa mivinje na miti inayolala

Asalaam alaykum Meneja,

Mie ni yule mteja wenu wa Jambiani, mwenye kijumba cha wageni pale karibu na pwani, nlonunua kwenu miche 10 ya araukaria, huo mnaouita msonobari wa Norfolk, mwezi wa 11 mwaka jana. Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu yule kijana wenu wa simu nshampigia mara nne na kila nikipiga jawabu ni lile lile, "tunalishughulikia mama", na mara ya mwisho akanambia ati "kwani mama si mti tu, yote ina sindano". Hapo ndo nikaona bora niandike.

Tuanze na mlichonionesha. Mlinitumia picha watsapu, mti umenyooka kama mnara, matawi yanatoka duru moja kuzunguka shina, halafu shina linapanda kidogo, halafu duru nyengine, ngazi juu ya ngazi mpaka kileleni. Mkaandika "msonobari wa Norfolk, unastahamili chumvi na upepo, unafaa pwani". Mie hilo la chumvi ndo lilonikamata, mana pale kwangu kusi likivuma hata maua ya asumini yanaungua majani. Nikalipa 45,000 kwa mche, 450,000 jumla, na 60,000 ya gari kutoka kwenye kitalu chenu mjini. Risiti ninayo na imeandikwa araukaria, haikuandikwa "mti wenye sindano".

Miche ikaja jioni, ndani ya viriba, urefu wa goti. Bibi yangu alikuwa kakaa barazani anachambua mchele, akatupa jicho mara moja tu akasema "huu mvinje". Nikamcheka wallahi, nikamwambia bibi huu umetoka mbali, wa Australia huko. Akasema haya, na akaendelea na mchele wake.

Basi ikaota. Na hapo ndo nlipoanza kushtuka, mana miche 6 ilipanda mbio utasema inakimbizwa, kufika mwezi wa 6 imenipita kichwa, imekuwa manyoya manyoya inaning'inia ovyo, ngazi hakuna duru hakuna. Siku moja nakuta watoto wa jirani wanacheza, mmoja anakata ule uzi wa jani kwenye pingili halafu anaurudishia pale pale anamwambia mwenzake kisia nimekata wapi. Mchezo huo hata mie nimeucheza mdogo, tunacheza chini ya mivinje ya pwani! Araukaria haina pingili za kuchomoa na kurudishia. Nikabaki nimesimama na ndoo ya maji mkononi.

Mpwa wangu anasoma mambo ya misitu chuoni Morogoro, alipokuja likizo nikamuonesha. Kanieleza kitu ambacho nadhani na nyie kwenye kitalu mlitakiwa mkijue kabla yangu. Mvinje si jamaa ya msonobari hata kidogo, ni mti wa maua, maua yenyewe madogo huwezi kuyatia maanani, na ule uzi wa kijani tunaouita jani ni kijiti, majani halisi ni vile vijimeno vidogo kwenye kila pingili. Araukaria ni ukoo mwengine kabisa, wa kusini ya dunia, ndugu zake wako Chile, Brazili, Australia, na huko New Caledonia wapo wengi kuliko popote. Wala na yenyewe si msonobari wa kweli, mana misonobari asili yake kaskazini, ila hilo la jina nakusameheni, dunia nzima wanaita hivo. Huu mlionitangazia mie asili yake ni kisiwa cha Norfolk, kipo baharini baina ya Australia na New Zealand, kidogo tu, na mti wenyewe wameutia kwenye bendera yao. Mtu ana mti kwenye bendera halafu nyie mnanambia si mti tu.

Sasa mtasema mbona 4 ni za kweli. Naam, 4 ni araukaria, sikatai, na hizo ndo zimenitia uchungu zaidi. Hazisimami. Nimezifunga kwenye vijiti, nimezipa samadi, nikabadilisha fundi bustani nikidhani yule wa mwanzo anazimwagia maji upande mmoja, maskini nimemlaumu bure. Zinalala tu, zinatambaa ubavu ubavu kama mtango. Mpwa wangu akachutama akaangalia chini, akasema shangazi hizi hazikutoka kwenye mbegu, wamekata tawi la pembeni wakalichomeka ardhini likatoa mizizi. Na mti huu una tabia hiyo, tawi la pembeni hata ulifanye mche litabaki tawi, litaota kwa upande maisha yake yote, halisahau. Ili usimame lazima utoke kwenye mbegu, au uwe umekatwa kwenye kile kilele cha juu kabisa. Na kilele kikikatwa basi ule mti mama unaharibika umbo, kwa hiyo nafahamu kwa nini mlichagua matawi, mti mmoja unawapa miche chungu nzima na wenyewe unabaki mzima wa kupigia picha.

Jambo dogo jengine, kwenye lile tangazo lenu mmeandika mbao zake "imara, za milingoti ya meli". Ami yangu ni fundi wa majahazi Nungwi, nlimsomea akacheka mpaka akakohoa. Ni kweli Kapteni James Cook alipokiona kile kisiwa mwaka 1774 aliisifu ile miti kuwa itafaa milingoti, lakini walipokuja kuijaribu baadae ikaonekana haina nguvu hiyo. Lifuteni, kuna siku mtu atakuja kununua kwa ajili ya ngalawa.

Na mivinje msinielewe vibaya, sina ugomvi nayo. Ni mti mzuri, mchanga unaushika, kivuli unatoa, boriti unatoa, na Bibi kaipenda keshaweka mkeka wake chini ya ule mkubwa. Ila mvinje kwetu Jambiani unaota wenyewe pwani, hatua 50 kutoka mlangoni kwangu, ningeung'oa mche bure kabisa na mtoto wa kunibebea ningempa miatano. Nyie mmenitoza 45,000 na mkaupandisha gari kutoka mjini kuniletea mti ulioko kwetu.

Ninachotaka ni hivi. Ama mnirudishie 510,000 yangu yote pamoja na ya gari, kwa njia ile ile nlolipia, ama mniletee araukaria 10 zilizooteshwa kwa mbegu, shina limenyooka, kilele hakijakatwa wala kuvunjika njiani, na kabla ya kupakia mnitumie picha ya kila mche peke yake, si ile picha yenu ya mnara. Na iwe kabla vuli haijaanza, mwezi wa 10 ukiingia bila ya jawabu napeleka risiti na picha kwa wanaoshughulikia haki za walaji, na majani ya mvinje nayatia kwenye bahasha.

Yule kijana asinipigie tena, nipigie wewe. Mivinje sing'oi, hiyo mmeshanipa. Hizi 4 zinazolala njooni mzichukue, na mkija mje na gari pana.

Mteja wenu wa Jambiani