YAH: VIPIMO VYA AMONIA VISIVYOPIMA, NA DHARAU YA KITENGO CHENU CHA HUDUMA KWA WATEJA

Kwa Meneja,

Salamu. Naomba barua hii isomwe na wewe mwenyewe, isiishie kwa yule dada aliyepokea simu yangu, maana yeye kesi hii alishaihukumu.

Masharti ya dhamana yenu mnayajua, sitayanakili hapa. Boksi lenu la kupimia amonia kwenye maji ya tangi la samaki, ambalo njano yake ni salama na kijani ni amonia, lilinipa kijani tangu nilipolifungua. Wala si kijani cha kueleweka. Ni njano iliyoanza kugeuka tu, ambayo kwenye kadi yenu ya rangi huwezi kujua kama ni 0 au 0.25 (miligramu kwa lita), kwa kuwa rangi hizo mbili mmezichapa zikafanana kama mapacha. Maelekezo niliyafuata: maji mililita 5, matone 8 ya chupa ya kwanza, matone 8 ya chupa ya pili, tikisa, subiri dakika 5, soma juu ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa mchana. Kijani. Nikabadilisha maji ya tangi. Kijani. Mwishowe nikapima maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, ambayo hayajawahi kuonana na samaki wala kinyesi chake. Kijani kile kile.

Hicho ndicho nilichopiga simu kueleza. Yule dada akaniuliza, kwa upole wa kupindukia, kama nina "tatizo la kuona rangi."

Tuyaache hayo kwanza. Boksi la pili mlilonitumia likaja na ugonjwa wa kinyume: kila kitu njano. Samaki wanahema juu ya maji, mashavu yamewaiva mekundu, kipimo kinasema njano, yaani salama salimini. Nikachukua glasi ya maji, nikatia amonia ya kusafishia, ile ambayo ukiinusa machozi yanakutoka, nikapima. Njano safi. Pua yangu inajua kilichomo. Dawa yenu haijui. Ndipo nikaigeuza chupa na kuona stika ya tarehe ya mwisho wa matumizi imepinda pembeni. Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake kuna tarehe nyingine, na hiyo ilishapita. Picha nimeambatanisha. Nani aliibandika stika hiyo, na kwa idhini ya nani?

Tena kabla ya simu nilikuwa nimeshawaandikia barua pepe. Jibu lenu: "Badilisha nusu ya maji, kisha pima tena." Nipime na nini, Meneja? Na dawa ile ile ninayoilalamikia? Mwenzenu mwingine akaandika kwamba 0.25 ni kidogo, haina madhara. Mnauza kipimo cha amonia na hamjui kwamba sumu yake hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji? Ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile amonia inayoua samaki huongezeka takriban mara kumi, na joto nalo huongezea. Maji yangu yana pH 8. Kwangu mimi, kujua kama ni 0 au 0.25 ndiyo sababu nzima ya kununua boksi lenu.

Sasa nirudi kwenye ile simu, kwa sababu sikuimaliza. Nilipotaja maji yaliyokenekwa, dada akasema, "Subiri kidogo, mteja wetu." Alidhani amebonyeza kitufe cha kunisubirisha. Hakubonyeza. Nikamsikia wazi akimwambia mwenzake, "Yule wa maji ya samaki amepiga tena," na kicheko, si cha mtu mmoja. Mmoja wao akasema, "Si anunue wengine tu." Kisha akarudi kwangu na sauti ile ya asali: je, nina tatizo la kuona rangi, au kuna mtu nyumbani anayeweza kunisomea? Kunisomea! Wakati anauliza hayo, samaki wangu wawili walikuwa wanaelea ubavu ubavu mbele ya macho yangu, ambayo, kwa taarifa yenu, hayana kasoro yoyote. Simu mnazirekodi, mlitangaza wenyewe mwanzoni. Isikilizeni.

Nilipoanza kuandika nilitaka kurudishiwa pesa za boksi la kwanza tu. Sasa nataka za yote mawili, pamoja na fidia ya samaki waliokufa. Nataka pia maelezo ya maandishi kuhusu ile stika, na ombi la radhi lenye saini yako wewe, si ya "Timu ya Huduma." Na toleo lote lenye namba iliyo kwenye picha liondolewe madukani, maana kuna watu wengine huko wanaoangalia njano yenu na kulala usingizi.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, chupa zote mbili, pamoja na stika yake, nitazipeleka kwa mamlaka ya kulinda walaji, na nakala ya barua hii nitaisambaza kwa kila mfugaji wa samaki wa mapambo ninayemfahamu. Tunafahamiana wengi.

Nijibuni kwa maandishi. Msinipigie simu.

Wenu, kwa sasa,
Mteja

Viambatanisho: risiti mbili, picha za chupa na stika, nakala za barua pepe.